Watoto Waliohamia Makambako

Kwaruu. Kisha kimya. Kisha kwaruu tena, polepole, kama mtu anayevuta sanduku la bati juu ya sakafu ya saruji huku akiliomba lisiseme.

Emilia alifumbua macho gizani, akayafumba. Alfajiri ilikuwa bado mbichi, na baridi ya Njombe, ile ya Juni inayouma mpaka kwenye kucha, ilikuwa imepenya chini ya blanketi. Upande wa ukutani Jasmine alilala kajikunja, magoti kidevuni. Upande wa pili, pale palipokuwa pa mume, palikuwa pameshapoa. Maana yake Manase hakuamka sasa hivi. Alikuwa pale chini muda mrefu, akingoja mkewe apitiwe vizuri na usingizi.

Kufuli likalia. Karatasi zikachakarika.

"Baba Jasmine, unatafuta nini?"

Karatasi zilinyamaza ghafla.

"Soksi."

"Tangu lini soksi zinafungiwa kwa kufuli?"

"Lala, mama. Nawahi Makambako. Kuna kikao."

"Kikao Jumamosi?"

"Daktari ndiye kapanga, siyo mimi." Sanduku likarudi chini ya kitanda kwa haraka, safari hii bila kuombwa lisiseme. Mlango ukafunguka, ukungu ukaingia kidogo, ukafungwa.

Hiyo ilikuwa safari ya tatu ya Makambako ndani ya wiki mbili. Emilia hakuwa mwanamke wa kupekua mifuko ya mumewe. Lakini mume akianza kudanganya juu ya soksi, mke aliyetulia naye huanza kuhesabu. Kulipopambazuka aliinama kufagia, akaona karatasi moja imebaki chini ya kitanda, imekanyagwa na sanduku.

Fomu zile alizijua. Manase alikuwa msaidizi wa utafiti katika hospitali ya misheni, kazi aliyoianza mwaka themanini na sita. Alizunguka vijijini na baiskeli akipima watoto rovu, ule uvimbe wa shingo unaowapata watu wa nyanda zile kwa kukosa madini joto. Aliyoyaandika aliyapeleka kwa Daktari Remmy, na Daktari Remmy akayageuza makala za majarida ya Ulaya. Daktari alianza na shingo. Kisha akamwambia Manase, ukiwa umeshamshika mtoto shingo, mtazame na macho. Halafu na meno. Halafu kikohozi. Halafu umuulize mama yake amezaa mara ngapi. Kwa madaftari yaleyale ya Manase, Daktari alikuwa sasa na makala arobaini na moja, orodha yake imebandikwa ukutani ofisini mwake, na pembeni ya kila makala imeandikwa kwa kalamu nyekundu idadi ya waandishi wengine walioinukuu.

"Tumenukuliwa mara mia tatu na kumi na mbili," Manase alikuwa akitangaza mezani, kifua mbele.

"Tume nani?" Emilia humjibu. "Daktari mmoja, shingo yake, macho yake, meno yake, uzazi wake. Bado kucha tu. Wewe jina lako liko wapi?"

"Liko chini, kwenye shukrani."

"Chini kabisa, pale panapoishia wino."

Lakini asubuhi hii hakucheka. Emilia alimaliza darasa la saba, kisha akasoma masomo ya jioni miaka mitatu, Jasmine mgongoni na kandili mkononi, na kusoma fomu kwake hakukuwa kazi. Jina la mtoto: Dorosela Mligo. Umri: miaka 9. Baba: Manase Mligo. Mama: pamebaki wazi. Urefu: sentimita 127. Shingo: safi. Macho: mazuri. Makao: Makambako, kwa Halfan, nyuma ya stesheni.

Mwandiko ulikuwa wa mumewe, na ulikuwa mzuri kuliko anaoandikia barua za kwao.

Aliketi juu ya kitanda. Miaka tisa nyuma ni themanini na tatu. Mwaka ule yeye Emilia alijifungua mtoto wa kwanza, wa kike, akaishi siku nane, akafa hajabatizwa. Wanawake walimzika asubuhi nyuma ya nyumba, bila matanga, wakamwambia asilie sana asije akafunga kizazi. Basi mwaka uleule, yeye ananyonyesha kanga kwa kukosa mtoto, Manase alikuwa Makambako anapata mtoto! Tena akampa jina la mama yake mzazi! Maana Dorosela ni jina la mama mkwe. Jasmine alipozaliwa, Emilia alilipigia magoti jina lile, bibi akakataa. "Limeshakwenda," alisema, basi. Ndipo mtoto akaitwa jina lililokuwa kwenye kopo la mafuta ya nywele la muuguzi.

Limeshakwenda. Kumbe lilikwenda Makambako.

*

Mama mkwe alikuwa ng'ambo ya uwanja, anapepeta maharage.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Mbona umevaa viatu?"

"Nataka kuuliza. Dorosela ni nani?"

Ungo ulisimama. "Ni mimi."

"Mwingine. Mdogo. Wa miaka tisa."

Bibi alitazama maharage kama yaliyomtukana. Alijibu kwa sauti ndogo. "Kamwulize mumeo."

"Kwa hiyo unamjua."

"Nimesema kamwulize mumeo, Emilia. Niachie Jasmine hapa, uende."

Kumbe nyumba nzima inajua, Emilia akawaza, isipokuwa anayepika.

*

Alipanda lori la viazi, akaketi mbele kati ya dereva na mzee mmoja aliyenuka pombe ya ulanzi ya jana. Njiani dereva alijaribu kumchekesha, akaona hachekeshwi, akawasha redio. Makambako ilikuwa na upepo wa vumbi na watu wa kila kabila. Nyuma ya stesheni hapakumpa shida. Duka la Halfan kila mtu analijua. Magunia ya sukari yalikuwa yamepangwa mpaka barazani, moja limepasuka na nyuki wanajilia. Si miaka mingi nyuma watu walipanga foleni usiku kucha kwa robo kilo.

Ndani alikaa mwanamke mwenye hina mikononi na mkufu shingoni. Emilia akamwangalia toka juu mpaka chini, kama anayepima kitambaa.

"Karibu dada. Chumvi, sabuni, sukari?"

"Wewe ndiye mwenye nyumba?"

"Ndiye mimi, Zamda, mpaka Halfan aoe mwingine." Akacheka peke yake. "Una nini? Uso umekupauka."

"Nimekuja kumwona Dorosela."

"Dorosela gani?"

"Mtoto wa Manase. Dada yangu, usinifiche. Nimetoka Njombe kwa lori la viazi, sina nguvu za kugombana na mtu. Nataka nimwone tu, basi, nirudi."

Zamda aliacha kutabasamu. Akavuta stuli, akamkalisha, akaipokea ile karatasi na kuisoma kwa kidole, neno kwa neno. Alipofika kwenye makao akaguna.

"Kwa Halfan, nyuma ya stesheni. Kumbe anaishi hapa! Na mimi napika, napakua, nasaza, sijamwita mezani hata siku moja? Jamani, huyu mtoto anakula wapi?"

"Usinicheke."

"Sikucheki wewe, mke mwenza." Akamgusa bega. "Natania. Hakuna mtoto hapa asiyetoka tumboni mwangu. Nyumba ina vyumba viwili, ingia ukague, hata uvunguni. Mumeo namjua kwa sababu Halfan humbebea mizigo ya hospitali. Asubuhi hii alikuwa hapo hapo ulipokaa. Unajua alichotaka? Alikuja kuniazima watoto."

"Kukuazima?"

"Kama mtu anayeazima kinu. Anasema Alhamisi anakuja mkaguzi kutoka Dar es Salaam, mwanamke, daktari mkubwa, anataka kuwaona kwa macho watoto waliohamia Makambako. Na hao watoto hawapo. Sasa Yasmini wangu akasimame aitwe Tumaini. Abdulaziz wangu aitwe Ezekia. Nikamwambia, shemeji, Abdulaziz alifanyiwa akika, wamechinjwa mbuzi wawili ndipo akaitwa Abdulaziz. Ukitaka leo awe Ezekia, nirudishie kwanza mbuzi wangu."

"Akasemaje?"

"Aseme nini? Alikunja kofia mkononi kama mtu aliyefiwa. Mwenyewe ana majina thelathini na kitu kwenye karatasi. Nilimwona anavuka reli, kwenda kwa mama wauza chai, labda kwao kuna watoto wanaolala njaa wasiojali kuitwa vyovyote." Zamda alimrudishia fomu. "Kunywa maji kwanza. Huyo mtu wako ana siri, dada, lakini siyo siri ya mwanamke. Siri ya mwanamke haiwapi wanaume uso ule."

*

Manase alikuwa kwenye benchi la stesheni, kofia gotini. Alipomwona mkewe alisimama, akakaa tena. Emilia hakumsalimu. Aliiweka fomu juu ya kofia.

"Huyu ni nani?"

Manase aliisoma fomu kana kwamba si mwandiko wake.

"Mama yake ni nani? Hapa umeacha wazi. Kila mtoto ana mama, Manase. Hata wa nje."

"Nilishindwa kukuandika," alisema.

Emilia alidhani hakusikia sawasawa. Aligeuka kumtazama.

"Ni wetu," Manase akasema. "Ni yule wa siku nane."

Basi hapo, treni za mizigo zikipita na kuwanyamazisha kila mara, mambo yakatoka. Mwaka ule wa themanini na tatu sukari na sabuni viligawiwa kwa daftari la balozi wa nyumba kumi, robo kilo kwa kila kichwa kilichomo katika kaya. Kila mama mwenye akili aliongeza kichwa. Mwingine aliandikisha mtoto aliyeko kwa shangazi Ludewa, mwingine aliyekufa kwa surua, mwingine ambaye hata mimba yake haijatunga. Balozi alijua, alikuwa na vichwa vyake vitatu vya kutunga, naye akaandika. Mama mkwe alikwenda siku ya tisa. Kichanga kilikuwa kimezikwa jana. Akampa jina lake mwenyewe.

"Ule uji," Manase alisema. "Ulikuwa huli kitu. Mama akasema mzazi bila uji wa sukari atakauka. Ile sukari ilikuwa ya Dorosela."

Emilia aliukumbuka uji ule. Alikuwa ameunywa wiki nne mfululizo.

"Endelea."

Miaka mitatu baadaye Daktari Remmy alikuja na utafiti wake, akaomba orodha ya watoto wote. Akapewa daftari la balozi. Hakuna aliyekumbuka, na aliyekumbuka hakuthubutu. Walikuwa wameona watu wakikamatwa kwa uhujumu uchumi kwa sababu ya katoni ya sabuni. Manase akapita nyumba kwa nyumba na orodha ile, na kila alipofika kwa mtoto wa sukari, wazee waliangalia chini. Ingemlazimu kuripoti kijiji kizima, pamoja na mama yake. Ndipo akaandika: amehamia Makambako. Mji wa malori, nani atamtafuta mtu huko? Thelathini na sita walihamia Makambako kwa kalamu ya Manase.

Alidhani yameisha. Daktari akafurahi, akasema hao waliohama ndio hasa wa kufuatiliwa kila mwaka. Na fomu isiyojazwa haikuwa na posho.

"Ukawa unawajaza."

"Nikawa nawajaza. Sikuwa na roho ya kuwapa rovu, Emilia. Watoto hawapo, halafu niwape na ugonjwa? Niliwaandika shingo safi."

Na kwa shingo zile safi Daktari Remmy aliandika makala yake kubwa kuliko zote, kwamba mtoto akitoka kijijini akahamia penye maduka, rovu hupungua lenyewe, kwa sababu ya chumvi ya wafanyabiashara. Peke yake ilikuwa imenukuliwa mara mia mbili. Mpaka mwaka huu, watu wa nchi nyingine walipojaribu kuona jambo hilohilo kwao wasilione, wakaandika barua kuuliza.

"Na posho ya Dorosela," Emilia aliuliza, "ulikula?"

"Tulikula."

"Ulikuwa unakaa unamfikiria, au unajaza tu?"

Manase alipangusa fomu kwa kiganja, ingawa haikuwa na vumbi. "Wale wengine nilijaza tu. Yeye nilikuwa namwacha mwisho. Naangalia Jasmine amefikia wapi, najua dada yake angekuwa wapi. Mwaka huu nimemwongezea sentimita sita. Nimemng'oa meno mawili ya mbele, yameota mengine."

Emilia alilia hapo hapo stesheni, mbele ya wauza chai. Lakini shaka ni kama moshi wa kuni mbichi. Hata moto ukiwaka huendelea kukaa machoni. Alipojifuta alisema, "Miaka sita unamlea peke yako kwenye sanduku. Mimi niliambiwa nisilie."

*

Jumatano jioni gari la hospitali lilisimama mlangoni. Daktari Remmy aliingia akiinamisha kichwa, ijapokuwa mlango ulikuwa mrefu wa kutosha. Jasmine alifuta kiti kwa gauni lake. Daktari akakifuta tena kwa leso, akakaa. Viazi vya kuchemsha alivyokaribishwa hakuvigusa.

"Mama Jasmine, nasikia wewe ni mtu wa masomo ya jioni. Vizuri sana. Kwa hiyo utanielewa haraka kuliko mzee hapa." Alimwonyesha Manase kwa kidevu, na Manase, mtu wa miaka thelathini na sita aliyeitwa mzee nyumbani kwake, akatabasamu. "Kesho tutakuwa shule ya msingi Makambako. Watoto wanne wa majirani wa stesheni wamepatikana. Wengine tutasema wako mashambani na wazazi. Lakini mkaguzi ameniandikia, anataka hasa mtoto ambaye mzazi wake yupo. Fomu yenye baba tunayeweza kumsimamisha mbele yake ni moja tu."

"Ya Dorosela," Emilia alisema.

"Ndiyo. Na mna binti wa kimo hicho hicho."

Jasmine aliposikia anatajwa alijificha nyuma ya kanga ya mama yake.

"Daktari, ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba hawapo."

Daktari alitazama saa yake. "Mimi huandika ninacholetewa. Madaftari yote yana mwandiko mmoja, na siyo wangu." Akaacha neno lile litue. "Karatasi zangu za uprofesa ziko mezani Dar es Salaam. Nikipata, kitengo hiki kitapanuka, na Manase hatapanda baiskeli tena. Nisipopata, kitafungwa. Nyumba hii ni ya hospitali, sivyo?"

"Ni ya hospitali," Manase aliitikia.

"Basi. Mtoto atajibu jina tu. Dakika moja."

Emilia alijua anatakiwa kunyamaza. Miaka yote alinyamaza vizuri. "Mwaka jana vidonge vya madini joto viliacha kuja vijiji vya kando ya barabara," alisema. "Mektilda, jirani yetu hapa, binti yake Germana ameota rovu. Alikwenda kliniki, akaambiwa nunua chumvi ya dukani, imethibitishwa."

"Hilo liliamuliwa na wakubwa wangu, mama."

"Waliamua kwa kumsoma Dorosela."

Daktari alisimama. Mlangoni alimgeukia Manase, akasema kwa Kiingereza, polepole, kama mtu anayeongea na baba wa mtoto mtukutu, kwamba amtulize mkewe. Emilia alielewa kila neno. Ndicho alichosomea jioni zile zote.

Usiku ule Manase hakumwomba kitu, na hilo ndilo lililomtia Emilia wasiwasi zaidi. Alimtazama anavyong'arisha viatu vya Jasmine, kwa mate na kitambaa, muda mrefu kuliko viatu vinavyostahili. Anataka nikubali bila yeye kusema, aliwaza. Au anataka nikatae, ili lawama iwe yangu.

"Mimi nitafanya nini kama wakitutoa hapa?" Manase alisema mwisho, akivitazama viatu.

"Utalima. Mimi nitauza viazi. Baba yako alilima."

"Na wakinifunga?"

Emilia alizima taa.

*

Njiani asubuhi, katika gari la hospitali, Daktari mbele na wao nyuma, Jasmine alirudia somo alilopewa, kwa kunong'ona, akihesabu kwa vidole. "Naitwa Dorosela Mligo. Nina miaka tisa. Nakaa kwa Halfan." Akabaki ameshika kidole cha tatu. "Mama, kwani Dorosela ni nani?"

Manase aligeuza uso dirishani. Miti ya miwati ilikuwa inapita, na ukungu.

Emilia alimwinamia sikioni. Akamweleza, kwa maneno mepesi, jambo ambalo hakuwahi kumweleza mtu yeyote tangu siku aliyoambiwa asilie sana. Mtoto alisikiliza mdomo wazi.

"Alikuwa mkubwa kuliko mimi?"

"Alikuwa mdogo sana. Hivi." Emilia akaonyesha kwa mikono miwili. Kisha mikono ikabaki hapo hewani, haijui pa kwenda, mpaka Manase akaishika.

Darasani madawati yalikuwa yamesogezwa ukutani. Mkaguzi, Daktari Rukaiya, alikuwa mwanamke mfupi mwenye mtandio wa kijivu na miwani, asiyepandisha sauti. Watoto wanne wa stesheni walipita mbele yake mmoja mmoja. Wa tatu alipoulizwa jina alilisahau. Akamtazama Manase, akakumbuka. Daktari Rukaiya aliandika kitu kirefu. Zamda alikuwa amesimama dirishani nje na wanawake wenzake, mikono kiunoni, watoto wake wamebaki nyumbani na majina yao.

"Dorosela Mligo."

Jasmine alisogea. Daktari Rukaiya mwenyewe alimvua viatu vile vilivyong'arishwa, akamsimamisha kwenye ubao wa kupimia, akashusha kile kibao mpaka kikagusa nywele.

"Mia moja na kumi na tisa." Akafungua faili. "Mwezi wa tatu alikuwa mia moja ishirini na saba. Daktari Remmy, huyu mtoto anapungua?"

"Makosa madogo ya vipimo." Daktari Remmy alicheka. "Wasaidizi wetu, unawajua. Elimu ndogo."

Wanawake dirishani walicheka naye. Manase alicheka pia kidogo, kwa mazoea, kisha kicheko kikamkatikia. Emilia aliliona shavu lake likishuka, na akajua kwamba mtu huyu, akiambiwa sasa hivi azidishe au apunguze, atapunguza, atazidisha, mpaka atakapozeeka, na kila mwaka atamwongezea mtoto wake sentimita sita, na kila mwaka watu wa mbali watamnukuu.

Daktari Rukaiya alichuchumaa, macho yake yakawa sawa na ya mtoto. "Mwanangu, usiogope. Niambie wewe mwenyewe. Jina lako nani?"

Jasmine alimtazama baba yake. Baba yake alitazama sakafu. Akamtazama Daktari Remmy, aliyekuwa anatingisha kichwa kumtia moyo. Mwisho akamtazama mama.

Emilia aliiona nyumba ya hospitali na bati lake jipya, aliliona sanduku, aliona pingu mikononi mwa Manase. Kisha akahisi mkono wa mumewe unagusa mgongo wake, wazi, mbele ya watu. Haukuwa ukimsukuma wala kumvuta.

"Mjibu, mama," Emilia alimwambia bintiye. "Mwambie kama tulivyoongea kwenye gari."

Jasmine alishuka kwenye ubao, akasimama peku juu ya saruji baridi, akaweka mikono nyuma kama wanavyofundishwa shuleni.

"Dorosela ni dada yangu, alikufa."